Viungo Sitini na Vinne vya Bluu

Jumatatu, tarehe 3

Mkuu wa chuo chetu cha ushonaji ametuita makarani wawili wa muda: mimi na yule ninayemwita Tai, kwa kuwa havui tai hata jua likiwaka vipi. Nafasi ya kudumu ni moja. Barua inatoka Ijumaa. Akauliza nani anaweza kugeuza mwongozo wa wanafunzi kuwa kitabu pepe cha PDF, mtu akibonyeza jina la sura kwenye yaliyomo afike kwenye sura yenyewe. Kwa programu ya bure iliyomo kwenye kompyuta zetu. Tai akatazama viatu vyake. Mkono wangu ukapanda wenyewe. Naapa sikuutuma!

Jumanne, tarehe 4

Nimeweka viungo vya kubonyeza sitini na vinne, kimoja kimoja, kwa mkono. Vidole vimekufa ganzi. Ndani ya programu vyote vinaruka vizuri. Ukibonyeza "Kupima Kiuno" unafika kiunoni. Nikaenda kwenye "chapisha", nikachagua PDF, nikaifungua. Kimya! Maneno ni ya bluu, yana mistari chini, lakini hayaendi popote. Nilibonyeza mpaka Tai akauliza kama natwanga. Nikamjibu kwamba wataalamu hujaribu hivyo.

Mpango: Mkuu ni mtu wa kutazama, si wa kubonyeza. Bluu itamtosha. Nimeikoleza.

Jumatano, tarehe 5

Haikumtosha. Alibonyeza "Vifungo na Matundu" mara tisa, Tai akiwa pale pale. Jasho lilinitoka hadi kwenye soksi. Nikasema, kwa sauti ambayo sikuitambua, kwamba tatizo ni kipanya chake, kimechoka. Mkuu akanipa pole kwa kufanya kazi na vifaa vya namna hiyo. Pole! Mlangoni Tai akaninong'oneza, "Kaka, kama kimechoka, kipe likizo."

Alhamisi, tarehe 6

Mkuu amekuja na kipanya cha bintiye, cha rangi ya waridi, chenye picha ya paka. Mtoto alilia asubuhi nzima. Kwa ajili yangu! Mkuu alipobonyeza bila mafanikio nikasema kinahitaji kuzoea, nikakimbilia masjala, nikajificha nyuma ya majalada.

Mama Masjala, anayetunza majalada hayo tangu sijazaliwa, akanipa leso, nami nikamweleza yote. Akasema, mwanangu, toka kwenye vumbi, lete hiyo faili. Kumbe huwatengenezea wajukuu zake vitabu vya hadithi! Vichwa vya sura, akasema, vipewe mtindo wa kichwa uliomo kwenye programu, si kukolezwa tu. Yaliyomo programu itayapanga yenyewe. Kisha usichapishe; hamisha kama PDF, na kisanduku cha viungo ukitie tiki. Dakika ishirini mikononi mwake, vikaruka vyote. Nikauliza nimwambieje Mkuu. Akasema nimwambie ukweli tu, yule mtu hang'ati.

Ijumaa, tarehe 7

Nilikuwa tayari kusema ukweli. Lakini Mkuu aliruka kutoka kiunoni hadi kwenye matundu na kurudi, akicheka kama mtoto kwenye bembea. Nani angemkatiza? Akanikabidhi barua ya ajira ya kudumu. Tai akanishika mkono, akasema hongera kaka, umenishinda kihalali. Yalinichoma hayo. Nikasaini haraka, kabla mtu hajabadili mawazo.

Barua nimeisoma nyumbani. Kifungu cha tatu: Jumatatu saa tatu nitawafundisha wafanyakazi wote kutengeneza vitabu pepe. Nimesimama mbele! Wote wakinitazama! Orodha ya wanafunzi wangu imeambatishwa. Jina la kwanza ni la Mama Masjala.

Bado naweza kukiri. Nimelitafakari hilo kwa uzito, karibu dakika mbili nzima. Kisha Mkuu akapiga simu kunipongeza tena, nami nikakohoa kidogo, ili ugonjwa wa Jumatatu usionekane wa ghafla.