Mikro Iliyowekwa Mgongoni mwa Gitaa

Kamalondo, Lubumbashi
Alhamisi, 7 Novemba 1974

Kwa Citoyen Directeur, mkuu wa studio,

Mimi ni Amadi, mpiga gitaa wa Orkestra Nyota ya Kamalondo, mtu mpole asiyependa kusumbua maofisi. Leo nakusumbua. Jumatatu fundi wako wa sauti, Citoyen Kalaba, alinirekodi kwa namna itakayoniharibia ndoa kabla sijaoa. Wimbo wetu utapigwa redioni Jumapili mchana, baada ya habari, na ni lazima urekodiwe upya kabla ya hapo. Sababu zangu ni hizi.

1. Kuhusu kuchagua mikro. Studio yako ina mikro tatu za kunasia sauti. Ile kubwa alipewa mwimbaji, sina neno. Ya pili ni ngumu, imezoea mikutano, hata ukiipigia kelele haishtuki. Hiyo ndiyo aliyoiweka mbele ya spika za gitaa langu. Ya tatu ni ile laini ya msoma habari, ambayo tumekatazwa hata kukohoa karibu nayo. Nilidhani nitawekewa hiyo mbele, kwa heshima.

2. Kuhusu mahali. Kalaba hakuielekeza ile mikro ngumu katikati ya spika, aliielekeza pembeni. Aliisogeza upana wa kidole, akaenda kusikiliza, akarudi, akaisogeza kidole kingine. Saa nzima. Nilimwambia kwamba mtu akisema, hutazamwa usoni. Akajibu kwamba katikati sauti inachoma, pembeni imeiva. Mimi ni mpiga gitaa, si muhogo.

3. Kuhusu mgongo. Sanduku la spika zetu liko wazi kwa nyuma, na mikro laini, mgeni mheshimiwa, ikapelekwa huko. Citoyen Directeur, kwetu mgeni huingia kwa mlango wa mbele na kupewa kiti. Anayepitia nyuma, upande wa jikoni, ni ndugu wa nyumba. Nilimuuliza Kalaba maana yake, akasema: "Gitaa yako iko na tumbo na iko na mugongo. Ku tumbo inalia, ku mugongo inapumua." Maneno hayo yalikuwa mazuri kuliko wimbo wetu.

4. Sasa nafika penye kidonda. Nyuma ya sanduku hilo, juu ya kreti tupu, palikuwa na mtu. Ni Sofia, binti wa Mzee Asani, muuza samaki wakavu wa Pweto. Alikuwa ametuletea bukari, ugali wetu wa mchana, kisha akajificha pale ili wapita njia wasimwone dirishani. Sofia akisikia gitaa langu huimba taratibu, mdomo umefungwa, wala mwenyewe hajijui. Mikro ya mbele haikumsikia. Ile ya mgongoni ilimchukua mzima mzima. Nimeusikiliza utepe: gitaa linaita, Sofia anaitika.

5. Nilipotaka kumposa Sofia, Mzee Asani aliniambia: "Gitaa haiko kazi. Siku redio itaita jina yako, njo utaleta bakubwa benu." Nimeingoja siku hiyo miaka miwili. Sasa jina langu litaitwa, na dakika hiyo hiyo atamsikia mtoto wake, aliyemdhani yuko kwa shangazi, akiitika ndani ya sanduku langu. Naogopa, Citoyen Directeur. Nampenda Sofia, na mlango wa baba yake nikifungiwa, sina mwingine wa kugonga.

Kwa hiyo naomba turekodi upya kesho, mikro zote zikae mbele kama wageni wenye adabu. Ikishindikana, msoma habari azirefushe habari mpaka Mzee Asani aende kusali adhuhuri; dua zake ni ndefu, wimbo utapita. Hilo nalo likishindikana, umeme ukatwe Kamalondo yote kwa dakika nne. Na kwa kuwa redio ya Mzee ni ya betri, naomba mikro hiyo ihamishiwe Kasomeno, shahidi asibaki mjini. Kalaba aifuate huko, maana bila yeye itapata upweke.

Nisalimie wote hapo ofisini, mlinzi wa mlangoni, mama wa chai, na wale wanaofagia. Kalaba pia msalimie, lakini salamu ndogo.

Ni mimi, mwenye mashaka na adabu zangu zote,

Amadi

N.B. Leo ni Jumatatu tarehe 11. Barua hii imelala mfukoni siku nne, kwa sababu kila nilipofika studio Kalaba alinikaribisha chai nikashindwa kuitoa. Jana wimbo ulipigwa. Mzee Asani aliusikia barazani kwake, majirani wote wamekaa. Ulipokwisha akazima redio, akatuma niitwe. Nilikwenda. Akasema: "Mutoto yangu anakuitika mbele ya bantu bote ba mukoa ya Shaba. Unangoja nini tena? Leta bakubwa benu Ijumaa."

Basi utepe usiguswe, na mikro ibaki mgongoni, vidole vile vile. Kwa kuwa wazee wangu wako mbali, nimemwomba Citoyen Kalaba awe mshenga wangu. Amekubali. Ila amekataa mlango wa mbele: anasema atapitia jikoni, aanze na mama yake Sofia.