Dua Yangu Juu ya Mkia wa Helikopta

Jamani, leo nimefedheheka. Niko kitandani na jua bado linawaka, sitaki kuona mtu.

Mnajua kuwa tangu gesi ipatikane huko baharini mimi ni kibarua uwanja wa ndege wa Mocímboa, kwenye hema la kutengenezea helikopta zinazopeleka watu melini. Vipande vyake vingi si bati. Ni kitambaa cha nyuzi kilichogandishwa kwa gundi, na kikipasuka kinabandikwa kiraka. Gundi hiyo haitaki vumbi, haitaki jasho, na mafuta ndiyo adui yake mkubwa. Kiraka kikibanduka angani, ni mazishi.

Kazi yangu ni kulinda usafi. (Nilikuwa mkali! Wenzangu waliniita mama mkwe.) Leo fundi mkuu, chefe Anselmo, alikuwa achague mmoja kati yangu na Saidi awe mfanyakazi wa kudumu. Mke wangu ni mjamzito, nimechoka na vibarua. Niliitaka sana kazi ile.

Asubuhi nikaoga, nikajipaka mafuta ya nazi uso mzima ili ning'are. Mikono nikaiosha kwa sabuni hadi ikakauka. Hemani nikavaa luva mpya, zile glavu za mpira. Saidi akasogea, jasho linamtiririka, nikamfokea ili chefe asikie: "Saidi, toka hapo! Unataka kuua watu?"

Nikasugua kipande cha mkia kwa msasa, nikakipangusa kwa dawa mpaka kikawa safi. Kilichobaki ni kukigeuza ili chefe akipime. Nikasimama pembeni, nikainua mikono, nikamwomba Mola kazi ile iwe yangu. Amina. Nikapangusa uso kwa viganja vyote viwili, kama nilivyofundishwa tangu mtoto.

Na luva nimevaa!

Halafu nikakigeuza kile kipande, nikakiegemeza kwa kiganja kisianguke.

Chefe akamwagia maji safi. Ndivyo wanavyopima: pasipo na mafuta maji yanatandaa, penye mafuta yanajikusanya matone. Yakatandaa vizuri, nikaanza kutabasamu. Kisha katikati yakaanza kukimbiana, na pale yalipokimbia pakabaki umbo la mkono. Mkono mzima, na vidole vyake!

"Epá! Huu mkono wa nani?" chefe akauliza.

Tukainama kuitazama. Kidole cha shahada kwenye ile alama kilikuwa kifupi. (Changu kilikatwa na kamba ya nanga. Hemani mwenye kidole kifupi ni mmoja tu.)

"Chefe, mimi nilivaa luva."

"Na uso huo unaong'aa, uliushika na nini?"

Nikamweleza habari ya dua.

"Uliomba nini?"

"Hii kazi, chefe."

Hakucheka. Bora angecheka. Saidi aligeukia ukuta wa hema, mabega yanamtikisika.

Tukaanza upya na msasa, lakini unyevu wa bahari ukaingia na gundi haiutaki. Helikopta haikuruka. Watu waliokuwa wapelekwe melini walikaa juu ya mabegi yao wananitazama tu. Chefe akasema, "Saidi, kesho njoo uandikwe. Wewe, kaka, nenda nyumbani."

Mke wangu yuko mlangoni anauliza mbona sili. Sijui nianzie wapi.

Msinicheke, nawaomba. Mwenye kujua kazi isiyohitaji mikono wala uso, anikumbuke.