Ruta Chumbani kwa Mama Mkwe

Kwa Mkurugenzi wa Huduma kwa Wateja,
Kampuni ya Intaneti za Majumbani,
Ghorofa ya juu kabisa, ambako nina hakika mtandao unashika.

Ndugu Mkurugenzi,

KUHUSU: KUFANYISHWA KAZI MLANGONI KWA MAMA MKWE WANGU

Naomba uhusike na kichwa cha habari hapo juu, tena uhusike ukiwa umekaa vizuri, maana mimi nakuandikia nikiwa kwenye kigoda cha jikoni, katikati ya korido, nimeupa mgongo mlango wa mama mkwe.

Mimi ni mchoraji wa ramani za nyumba. Nachorea nyumbani, na michoro naituma ofisini kwa mtandao wenu. Kesho Ijumaa, saa nne asubuhi, wakubwa watatu watanihoji kwa video kuhusu nafasi ya mkuu wa wachoraji, nafasi ambayo nimeisubiri miaka kumi na moja. Bosi wangu ameshanionya kwamba nikiganda tena kwenye kioo, jina langu linafutwa. Kikao kilichopita niliganda mdomo wazi, jicho moja limefumba, na wenzangu wakaihifadhi picha hiyo. Sasa ndiyo sura ya kundi letu la ofisi.

Tatizo ni hili. Tangu mafundi wenu waje kutufungia waifai miezi mitano iliyopita, inashika chumba kimoja tu, cha mama mkwe, anayeishi nasi. Sebuleni hakuna kitu. Chumbani kwetu hakuna kitu. Jikoni unapata mstari mmoja ukisimama juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kwa mama mkwe ni mistari minne, imejaa, inang'aa! Na tangu lini mwanamume mwenye adabu zake akajitandaza na kompyuta kitandani kwa mama mkwe? Ndiyo maana niko koridoni. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kigoda hiki kina miguu mitatu iliyokubaliana na mmoja unaopinga. Kamera yangu inatazamana na mlango wa choo, ulio jirani na wa mama mkwe nyuma yangu. Wakubwa wangu wameshaiona familia yangu yote ikiingia na kutoka, na mmoja wao sasa humpungia mkono mwanangu mdogo kila akipita kwa haraka.

2. Nimewapigia simu mara tisa. Mara zote tisa dada wa huduma aliniambia nizime ruta, nihesabu mpaka thelathini, niwashe. Ni rahisi kwake. Swichi iko nyuma ya kitanda cha mama mkwe. Kwa hiyo nabisha hodi, nakohoa, naamkia, naeleza shida, nasubiri avae, halafu azime yeye. Anahesabu polepole. Akifika kumi na saba anakumbuka habari ya shangazi yake fulani, ananisimulia mpaka mwisho, kisha anaanza upya kutoka moja. Dada aliponiagiza niulize ni taa zipi zinawaka, mama mkwe alijibu kupitia mlangoni kwamba zote zinapendeza.

3. Dada akasema niondoe vitu vinavyoizuia ruta. Kinachoizuia ni kitambaa alichokidarizi mama mkwe mwenyewe, ameifunika kwa sababu anadai zile taa zinamkonyeza. Hebu niambie wewe, Ndugu Mkurugenzi, wewe mwenye mke, mkwe mwanamume anaanzaje kupaza sauti nje ya mlango uliofungwa akimwambia mama mkwe avue kitambaa? Majirani wana masikio.

4. Mkashauri tubadilishe neno la siri. Tukabadilisha, yaani, akabadilisha yeye. Halijaandikwa popote. Humnong'onezea aliyempendeza wiki hiyo. Wanangu, ambao mimi huwaita mara sita ndipo wageuke, sasa wanaosha vyombo kabla havijachafuka. Mke wangu amehamishia chakula chake huko. Nasikia wanacheka. Mimi nakula sebuleni peke yangu, natazama ukuta. La wiki hii nilipewa baada ya kukiri, mbele ya mke wangu, kwamba suti niliyovaa siku ya harusi ilikuwa imenibana.

5. Jumatano fundi wenu alikuja kukagua. Yeye si mkwe wa mtu, akaingia chumbani bila hata kukohoa. Alikaa humo saa mbili. Alitoka ameshiba, amebeba sahani iliyofunikwa, na kwenye fomu ameandika kwamba hali ni nzuri sana. Mama mkwe sasa humwita fundi huyo 'mwanangu'. Mimi ananiita baba watoto.

6. Na hili ndilo linaloniuma. Mimi kuta ndiyo kazi yangu. Kuta za nyumba hii ni nene, na chumba kile kipo pembeni kabisa. Ni mtu gani mwenye akili timamu aliyeamua ruta ikae huko? Namtaka mtu huyo! Naomba achunguzwe, atajwe, aaibike mbele ya familia yangu.

Kwa hayo yote, naomba kabla ya kesho saa nne mniandikie barua yenye muhuri, ikitamka kwamba chumba kile si chumba tena bali ni chumba cha mitambo cha kampuni yenu, ili niingie bila kuvunja adabu. Nimeambatisha ramani mpya ya nyumba. Mama mkwe nimemwandika kama msimamizi wa zamu. Kama hilo ni gumu, basi mchukueni yule fundi awe mkwe badala yangu, naona ameshaanza kazi.

Nisalimie wote ofisini, dada wa simu na thelathini zake, na fundi, mwambie sahani inasubiriwa.

Natanguliza shukrani, msipozitumia mnirudishie.

Mteja wenu,
Mchoraji wa koridoni.

NYONGEZA: Alhamisi barua hii iligoma kwenda, mtandao ulikatika. Leo ni Jumamosi. Jana, kwenye swali la pili, nilianza kuganda. Nikasema basi, nimekwisha. Mlango ukafunguliwa nyuma yangu, akatoka mama mkwe ameikumbatia ruta, bila kitambaa, nyaya zimenyooka mpaka mwisho. Akasimama akaishika juu ya kichwa changu dakika thelathini na tano, na miguu yake ile inayovimba. Wakubwa wakamwamkia mmoja mmoja. Kazi nimepata.

Nilipomshukuru, aliniambia taratibu kwamba siku ya kufungiwa ruta hakuwa amelala kama nilivyodhani. Fundi alitaka kuiweka sebuleni, nami nikamnong'oneza aiweke chumbani kwa mama, apate tamthilia zake huko huko, asitoke kutusumbua. Alisikia yote. Miezi mitano hakusema neno.

Kwa hiyo yule mtu wa namba sita ameshapatikana, na ameaibika vya kutosha. Msitume muhuri. Ruta nimeihamishia sebuleni, inashika nyumba nzima. Mama mkwe naye yuko sebuleni, kwenye kiti changu, na kigoda nimekizoea. Neno la siri amelibadilisha tena asubuhi hii. Watoto bado wanalibembeleza. Safari hii mimi ndiye wa kwanza kunong'onezwa.