Pua ya Ndege ya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Maktaba imetangaza! Katika kabati la kioo pale mlangoni itawekwa ndege moja ya vitofali vya plastiki, vile vya kuchezea vinavyopachikana, iliyojengwa na mtu mzima wa mtaa huu. Mwisho wa kupeleka ni Jumamosi. Mkutubi mwenyewe kanipa karatasi mkononi. Nimeshawaambia wenzangu wa karakana ya miwani, tunapokata lenzi, kwamba mshindi ni mimi. Wamecheka. Waache wacheke.

Ndege yangu iko tayari. Tatizo ni pua. Nimeijenga kwa vitofali vya kawaida, vya pembe nne, na hata nikiitazama nimefumba jicho moja inafanana na mkate. Mke wangu amesema ni basi zuri sana.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kwa shemeji, kaka wa mke wangu, fundi saa, mjenzi wa ndege tangu zamani. Nilijidai nampelekea saa ya ukutani. Nia yangu kupeleleza.

Sijui niandikeje. Ana droo thelathini na sita! Droo ya mabawa. Droo ya madirisha, kila moja dogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Droo ya bawaba, ili mkia upinde juu na chini. Droo ya injini, ambazo ukizipulizia feni ya ndani inazunguka kweli! Nilipuliza mpaka kizunguzungu kikanishika. Shemeji akaniletea maji.

Halafu akafungua droo ya juu. Pua. Kipande kimoja tu, cheupe, hakina kiungo hata kimoja, kimejipinda kama yai, na juu yake nafasi ya kioo cha rubani. Nilikishika kwa mikono miwili. Kuna mtu mahali fulani alikaa akafikiria upepo unavyopita, akautengenezea njia kwenye kitu kinachoenea kiganjani. 

Nikasema ni kizuri kiasi chake. Nikataka tubadilishane: magurudumu kumi na mawili kwa pua moja. Akasema magurudumu anayo mpaka hana pa kuyaweka.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango mpya. Nimemwambia shemeji nataka kujifunza kwake. Amefurahi, masikini! Kanikalisha kwenye kiti chake mwenyewe, kanieleza saa nzima habari za vipande vya mteremko, vile vilivyokatwa mshazari. Alipoinuka kumfungulia mteja, pua ikaingia kwenye kasha langu la miwani. Kasha likajifunga kwa mlio nilioudhani umesikika mtaa wa pili.

Nimeiazima. Kuazima si lazima mwenyewe ajue.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa. Pua ina upana wa vinundu vinane vya kupachikia, ndege yangu ina sita! Inaonekana kama mtoto aliyevaa kofia ya babake. Nikaupanua mwili. Mwili ulipopanuka, mabawa yakawa ya kuku. Nikayarefusha. Yaliporefuka yakalegea. Nikaleta gundi ya fremu kutoka kazini. Najua, najua. Wajenzi hawagundishi, kila kipande kinatakiwa kibanduke, kesho kiwe kitu kingine. Nimegundisha kila kitu. Na pua pia.

Saa kumi jioni nikarudi nyuma hatua mbili, nikaitazama. Mungu wangu. Urefu wa meza! Nuru ya dirishani ilikuwa inateleza juu ya pua ile bila kukwama popote. Nikamwita mke wangu. Akasimama, mkono kifuani. Halafu akauliza itatokaje mlangoni.

Jumamosi, 8 Machi

Haikutoka mlangoni. Tumejaribu wima, ubavu, kichwa chini. Mke wangu akaenda kutafuta msaada bila kuniuliza. Akamleta nani? Kaka yake!

Ikabidi ipite dirishani. Mimi ndani nasukuma mkia, shemeji nje anapokea. Kwa hiyo kilichotangulia kumfika usoni ni pua yake mwenyewe.

Nikachungulia pembeni ya bawa. Alikuwa anapapasa kwa kidole pale kwenye gundi. Heri angenitukana. Nikaanza habari za kuazima.

"Shemeji," akanikatiza, "pua hii ina mkia wake. Huo wako utaiangusha."

Akaniambia nishikilie, akaondoka. Nikabaki nimeikumbatia nusu saa, nusu ya ndege ndani, nusu nje, wapita njia wananisalimia. Akarudi na mkia mweupe. Akaukata ule wangu kwa kisu chake cha kufungulia saa, polepole, kama daktari, akapachika wake. Tik! Ukakaa. Haukuhitaji gundi. Sijawahi kuona aibu yenye raha namna ile.

Maktabani haikuenea kabatini. Imezidi vidole vinne. Kabati limekwenda kwa ndege ya shemeji, kumbe naye alishapeleka yake, ndogo, safi. Yangu mkutubi kaitundika darini kwa uzi mwembamba, juu ya meza za wasomaji. Nikaitazama kutoka chini. Inaelea! Watu wameacha vitabu, vinywa wazi. Mzee mmoja alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Lenzi nilikata mimi.

Shemeji akanishika bega, akasema pua ile imepata ndege yake. Machozi yakanitoka. Nikasingizia vumbi. Njiani mke wangu akauliza kama kuna nililojifunza. Nikamwapia kwamba sitagusa tena kitu cha mtu.

Jumapili, 9 Machi

Mkutubi katualika nyumbani kwake kwa chai, mimi na mke wangu. Kumbe naye ni mjenzi! Sebuleni ana helikopta. Panga zake nne, nyembamba, zinapitisha mwanga kama mbawa za kereng'ende. Ukizigusa zinazunguka bila sauti, kisha zinatulia zenyewe, moja ikielekea mlangoni, moja ikinielekea mimi. Nikaiacha chai ipoe.

Nikamwuliza maswali mengi. Amefurahi sana kukutana na mtu mwenye hamu ya kujifunza. Kasema mlango wake uko wazi siku yoyote.

Zinakunjika, panga zile. Nimepima kwa macho. Zikikunjwa zinaenea vizuri kabisa ndani ya mkono wa shati.