Lita Mbili kwa Kila Kichwa

Ilitangazwa rasmi, kwa barua yenye mihuri mitatu, kwamba kuanzia tarehe mosi Machi 1987 kila mbuzi aishiye kando ya ziwa, kutoka Kisumu hadi Asembo Bay, atatoa maziwa lita mbili kwa siku. Mbuzi atakayeshindwa ataeleza sababu kwa maandishi, na mwenye mbuzi atatia kidole kwa niaba yake. Tangazo lilibandikwa Kisian, kwenye mlango wa kinu cha kusagia mahindi. Mbuzi mmoja alilila siku hiyo hiyo, na Ofisi ikachukulia hiyo kuwa dalili kwamba ujumbe umepokelewa.

Aliyetunga tangazo hilo ni Bwana Tom Obiero, Kaimu Mkuu wa Idara ya Maziwa Madogo. Hilo neno Kaimu lisiwapite hivi hivi, maana ndilo lililokuwa likimnyima raha. Alikuwa amekaimu miaka tisa. Wenzake walioajiriwa naye walishathibitishwa, wakapata zulia ofisini, wengine wakastaafu, na mmoja alikufa akazikwa na cheo kamili. Obiero alimwonea wivu sana huyo wa mwisho. Kule nyumbani Migosi, mtaa wa Kisumu, mkewe alipojaza fomu ya kanisa na kufika penye kazi ya mume, aliandika "anangojea".

Sasa Nairobi ilikuwa imemwahidi. Alete takwimu nzuri mwaka mmoja tu, kisha Mgeni wa Heshima atakuja kujionea kwa macho yake, na barua ya kumthibitisha atakuja nayo mfukoni. Ndiyo maana Obiero hakuwa na mchezo na mbuzi.

Zizi la mfano lilichaguliwa kuwa la Mama Perez Anyango, mjane wa Kisian. Obiero alikwenda kulikagua akiwa na karani wake Wanyonyi, mtu aliyeandika kila alichokiona na hakuandika hata nukta ya asichokiona. Walikuta majike watatu wa mbegu ya kigeni, waliotolewa na mradi wa kanisa, na beberu mmoja mwenye ndevu za kutisha. Perez alimwita Jaduong', yaani mzee mwenye heshima zake. Maziwa ya majike hao ndiyo yaliyomlea mjukuu wa Perez, mtoto mchanga ambaye tumbo lake lilikataa ya ng'ombe tangu azaliwe.

Kila jike alitoa lita mbili kamili. Obiero akatabasamu, akamsogelea beberu.

"Huyu anatoa ngapi?"

"Huyo ni dume, Bwana Ofisa."

"Sijauliza ukoo wake, Mama. Nimeuliza lita."

Perez alimtazama kuona kama anatania. Alipoona hatanii, akasema sifuri, na Wanyonyi akaandika sifuri. Obiero akapiga hesabu pale pale juu ya jalada la faili: lita sita, vichwa vinne, wastani lita moja na nusu. Uso ukamwanguka. Akatembea kidogo, akarudi, akamfunika beberu kwa kidole pale kwenye karatasi. Lita sita, vichwa vitatu, wastani lita mbili. Alikaa juu ya jiwe akapumua, maana haitokei kila siku mtu kugundua jambo kubwa hivyo kabla ya saa nne asubuhi.

Wiki hiyo hiyo waraka ukatoka: "Kichwa chochote kitakachopatikana ndani ya zizi bila kutoa maziwa kitaondolewa mara moja na kupelekwa Kituoni, bila kujali umri, asili wala cheo." Hilo la cheo Obiero aliliongeza mwenyewe kwa sababu sentensi ilisikika vizuri nalo. Landrova ikapita kijiji hadi kijiji, ikazoa mabeberu arobaini na mmoja. Hakubaki hata mmoja wa kusingiziwa. Walifungiwa katika Kituo cha Mbuzi Wasio na Mchango, ambacho, kwa uhaba wa ardhi ya serikali, kilikuwa ni ua ulio nyuma ya dirisha la Obiero.

Perez alimfuata ofisini mjini Kisumu kwa miguu. Hakupiga kelele, wala hakuketi alipoonyeshwa kiti.

"Bwana Ofisa, mbuzi si mfereji. Anatoa maziwa kwa sababu amezaa, na hajawahi kuzaa akiwa peke yake."

Obiero alimweleza kwa upole kwamba yeye ana diploma, na kwamba fomu haina safu ya kuzaa. Kama Mama anataka safu mpya aandike ombi, litajadiliwa Nairobi, na kwa bahati nzuri majibu yatapatikana baada ya miaka miwili. Perez alimwangalia kwa huruma, akaenda kumsalimu Jaduong' kupitia uzio, akarudi zake.

Na takwimu zilipanda kweli, msinicheke. Wastani ulipanda kila mahali siku mabeberu walipoondoka, bila mbuzi yeyote kula jani la ziada. Simu ya maandishi ikaja kutoka Nairobi ikisema HONGERA ENDELEA HIVYO. Obiero aliibandika ukutani, juu ya msumari alipotundika koti lake jeupe la ukaguzi, kando ya dirisha.

Ikaingia Septemba, maziwa yakaanza kupungua. Novemba yakakauka kabisa, kando ya ziwa lote, kana kwamba mtu amefunga mfereji. Kamati ya watu saba iliundwa. Ilikaa siku nne, ikala wali kwa samaki siku zote nne, ikaripoti kwamba mbuzi wameingiwa na uzembe, na ikapendekeza wachezewe nyimbo za uzalendo. Mjukuu wa Perez sasa alikunywa uji mtupu usio na maziwa, na alilia kwa namna ya mtoto anayejua kwamba ameonewa. Obiero alimsikia siku moja alipopita pale. Moyo ulimchoma, akauahirisha hadi mwaka ujao wa fedha.

Januari, Mgeni wa Heshima akatangaza kuja. Basi hapo ndipo mtamjua Obiero ni nani. Mawe ya barabarani yalipakwa chokaa. Kwaya ya akina mama ikafundishwa wimbo kuhusu wastani. Zizi la Perez likaonekana dogo mno kwa taifa, hivyo mbuzi thelathini wakaazimwa kwa majirani ili lijae, wote wakavu kama ukuni. Kuhusu maziwa, mpango ulikuwa mwepesi: ndoo ya maziwa ya ng'ombe wa jirani ingewekwa tayari chini ya jike mmoja, Obiero angechuchumaa na kuchezesha vidole, Mgeni angepiga makofi, barua ingetoka mfukoni.

Asubuhi hiyo alivaa koti lake jeupe. Na hapa inafaa niwaambie tabia moja ya beberu, ambayo mfugaji yeyote anaijua na diploma haikuitaja: hujikojolea ndevu, kisha hutafuta mahali pa kuzipangusa. Jaduong' alikuwa amepata mahali tangu Machi. Aliingiza kichwa dirishani kila siku, akajipangusa kwenye lile koti kwa bidii ya mtumishi mwema. Obiero alishaizoea ile harufu, hakuisikia tena. Dereva aliisikia, akaendesha hadi Kisian kichwa kikiwa nje ya dirisha.

Mgeni wa Heshima, mtu mfupi mwenye miwani na sauti ndogo, aliingia zizini na ujumbe wake wa watu tisa kutoka wizarani. Obiero akaingia nyuma yao, kifua mbele, akachuchumaa kwenye ndoo.

Kwanza jike mmoja aliinua kichwa. Akanusa. Mkia ukaanza kutikisika. Kisha mwingine, kisha watano, kisha zizi zima likageuka likamtazama Bwana Kaimu kwa mapenzi ya karibu mwaka mzima. Hawakumpa nafasi hata ya kusimama. Walimjia kwa mabega, kwa vipaji vya uso, wakilia, wakijisugua kwenye lile koti, mmoja akimlamba sikio. Ndoo ilipigwa teke, maziwa ya ng'ombe yakamwagika juu ya viatu vya wizara. Kwaya, ambayo haikuwa imefundishwa kunyamaza, ikaendelea na ubeti wa tatu.

"Wanampenda sana Ofisa wao," akasema Mgeni.

"Wanatafuta dume, Mheshimiwa," akasema Perez. "Madume wote walichukuliwa kwa waraka, ndiyo maana hapa hakuna tone. Leo wamesikia harufu yake kwa Bwana Ofisa."

Mgeni akauomba huo waraka. Wanyonyi, aliyekuwa nao siku zote, akausoma wote kwa sauti, mpaka pale pa umri, asili na cheo. Kwaya ikaingia ubeti wa nne.

Perez akamgeukia karani taratibu.

"Karani, humu ndani sasa tuko vichwa vingapi?"

Wanyonyi hakuwa mtu wa kuulizwa mara mbili. Alilamba penseli, akaanza. Mbuzi wote, sifuri. Mama Perez, mwenye zizi, sifuri, akajitoa mwenyewe bila kusukumwa. Bwana Kaimu Mkuu, akiwa chini ya mbuzi sita, sifuri.

"Mgeni wa Heshima," akasema Wanyonyi, penseli hewani. "Lita ngapi, Mheshimiwa?"

Watu wa Kisian wanasema hawajaona tena serikali ikienda kwa kasi namna ile. Mgeni aliruka uzio akiwa na miwani yake, wizara nzima ikamfuata, mwenye kitambi akivutwa kwa mikono, ili wasikutwe ndani safu itakapojazwa. Akiwa upande wa pili, akihema, Mgeni aliamuru mabeberu warudi makwao kabla ya jua kuzama. Hata hakuongeza neno kamati.

Katika kuruka, bahasha ilimponyoka mfukoni. Obiero aliiona ikianguka. Aliona jina lake juu yake, Bwana T. Obiero, Mkuu, bila neno lolote mbele. Alinyoosha mkono, lakini mbuzi sita ni wengi, na wa saba alikuwa ameshaitafuna pamoja na muhuri. Obiero alilia pale pale chini, na hakuna aliyemcheka kwa dakika nzima.

Mwezi wa Julai alirudi na Wanyonyi kukagua. Fomu mpya ilikuwa na safu ya kuzaa, ambayo Obiero aliichora mwenyewe kwa rula bila kuomba ruhusa ya mtu. Majike watatu walikuwa wamezaa watano. Mjukuu wa Perez alikuwa mkekani, mdomo mweupe kwa maziwa, na Perez akawamiminia wageni chai iliyokolea.

Kidume kimoja kidogo, chenye dalili ya ndevu, kilikuja kunusa suruali ya Obiero.

"Huyu anaitwaje, Mama?"

"Kaimu."

Obiero akanywa chai kidogo, akaweka kikombe chini.

"Na atathibitishwa lini?"

"Siku atakapofanya kazi," akasema Perez, na Wanyonyi akaandika.