Mlango Mpya wa Kanisa Kuukuu

Mheshimiwa mwakilishi wa mwakilishi wa Waziri, Baba Askofu uliyetuma udhuru, wakuu wa idara na vitengo vyote vikiwemo vile visivyo na watumishi, mchungaji wetu, wazee wetu, mama zetu wa kwaya, bwana harusi, bibi harusi na jamaa zenu mliokubali ndoa yenu iwe ya kwanza kufungwa ndani ya kanisa hili lililokarabatiwa, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa, na kama kuna aliyesahaulika ajihesabu ametajwa. (Makofi.)

Kanisa hili, ndugu zangu, ni la kale. Ni la kale kiasi kwamba kabla halijajengwa, halikuwepo. (Vicheko. Mheshimiwa anayehutubia anatabasamu, akidhani amesifiwa.) Mawe yake yalichongwa mtoni na mababu zenu, yakapandishwa hadi hapa vichwani mwa bibi zenu, huku serikali ya wakati huo ikitoa mchango mkubwa wa kuwatazama. Kisha, mwaka ule wa upepo, paa likang'oka lote, likaenda kutua golini katika uwanja wa mpira. (Mama mmoja wa kwaya: "Na refa akakubali!") Asante, mama. Tangu hapo mmesali chini ya turubai, mvua ikizidi nanyi mkizidisha sauti.

Ndipo mimi, kwa unyenyekevu wangu unaojulikana hata nje ya mipaka, nikasema: haiwezekani! Nikaunda kamati. Kamati ikaunda kamati ndogo. Kamati ndogo ikaenda ziara ya mafunzo kuangalia makanisa yenye paa, ikatutumia ripoti kwamba, kitaalamu, paa hukaa juu. (Vicheko.) Tukafanya upembuzi yakinifu, tukashirikisha wadau, tukawajengea uwezo wadau, tukawajengea uwezo waliowajengea uwezo, na leo natamka bila woga kwamba ukarabati umefikia asilimia mia moja na ishirini, hiyo ishirini ikiwa ya tahadhari. (Makofi, miluzi.)

Tazameni nyuma yangu! Milango ya mninga! Vioo vya rangi! Mnara na kengele yake! (Mzee mmoja: "Mbona mnara unapepea?") Mzee wangu, huo ni usanifu wa kisasa. Jengo linalopepea halivunjwi na upepo. Wataalamu wanaita fleksibiliti.

Bibi harusi, mwanangu, mbona umesimama? Kaa kwanza, sijafika kwenye malengo ya muda wa kati. (Bibi harusi: "Mheshimiwa, shikamoo yako nimekupa asubuhi, na paa nimelingoja tangu niposwe. Mpaka gauni nimelipanua mara mbili. Leo naingia.") Subira yavuta heri, mwanangu! Usisukume huo mlango! Rangi haijakauka!

(Bibi harusi anasukuma. Mlango, vioo, mnara na kengele vinaporomoka pamoja, taratibu, kama shuka linaloanuliwa kambani, maana vyote vimechorwa kwenye kitambaa kimoja. Nyuma yake zimesimama kuta zilezile kuukuu, hazina paa, majani yamemea hadi madhabahuni.)

Ndugu zangu... mnachokiona ni uwazi na uwajibikaji. Uwazi ndio huo.

(Bibi harusi anacheka hadi anashika mbavu, viganja vyake vimejaa rangi ya mninga. Anamgeukia bwana harusi: "Unaogopa majani?" "Naogopa mama yako tukiahirisha tena," anajibu bwana harusi, na kumshika mkono uleule wenye rangi. Wanaruka kitambaa. Kwaya inawafuata kwa vigelegele. Mchungaji anavaa joho huku akitembea.)

Jamani, rudini! Kuna kipengele cha takwimu! Sasa nahutubia viti? Basi itikieni hukohuko mliko. Ukarabati! (Kutoka ndani: "Haleluya!") Siyo hiyo. Maendeleo! ("Haleluya!") Mheshimiwa juu! (Kimya.)

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru fundi wa mabango, aliyetuchorea kanisa zima kwenye mapazia ya ofisi yangu. Naishukuru kamati ndogo, ambayo bado iko ziarani. Namshukuru mkandarasi, popote atakapozaliwa. Na kwa mamlaka niliyopewa, mradi huu ambao haujawahi kuanza nautangaza rasmi kuwa umekamilika. Asanteni sana!

(Vigelegele vinalipuka. Mheshimiwa anainama kuvipokea. Ndani, ndoa imefungwa.)