Sapu Yangu na Fundi wa Soketi

Jamani, leo sina pa kuuweka uso wangu. Nimejifunika kitenge gubigubi hapa chumbani kwangu Mtendeni, naandika kwa kidole kimoja.

Kwa wasionijua: mimi ni Mama Kulwa wa Usinge, mkulima wa tumbaku (mstaafu kwa hiari yangu mwenyewe). Nina miaka arobaini na tisa na ninasomea ustawi wa jamii hapa Tabora mjini. Darasani kwetu tuko wamama wanne. Waliobaki wana umri wa wanangu, wananiita "bibi" wakidhani sisikii. Nasikia!

Leo nilikuwa na sapu, yaani kurudia mtihani niliofeli. Ni mtihani wa vitendo: unakaa na mteja, yaani mtu aliyeletwa kuigiza mwenye matatizo, unamsikiliza, na watahini wanakutazama kupitia dirishani. Mara ya kwanza nilifeli vibaya. Mteja aliigiza binti aliyetoroka kwao. Mimi nikamwambia, "Inuka hapo, kanawe uso, nakurudisha kwa mama yako sasa hivi." (Aliinuka kweli. Akaenda kunawa.)

Nikifeli tena, narudia mwaka mzima. Na shemeji zangu kule Usinge wanalisubiri hilo kwa hamu. "Anasoma ili azikwe na cheti?" Ndivyo walivyoniaga stendi.

Wamama wenzangu wakasema haiwezekani. Madam Rehema, mwalimu wetu, akatuombea darasa tuwe tunalitumia jioni, tukishamaliza kupika na kuogesha wajukuu. Mmoja wao, Bi Ashura, akawa mteja wangu wa mazoezi. Bi Ashura ndiye mwenye nyumba ninayokaa, ana duka la kanga, na huwa analifunga mapema ili asome. Kila nikianza kutoa amri, ananichapa kofi la mkononi.

"Usimwamuru! Mrudishie maneno yake!"

Nikajifunza kurudisha maneno. Nikarudisha mpaka sokoni. Muuza nyanya analalamika mvua, mimi: "Nasikia unasema mvua inakusumbua." Akanihamisha kwa jirani yake.

Asubuhi Bi Ashura amenipikia michembe ya karanga (viazi vitamu vilivyokaushwa), amenifunga kilemba vizuri, nikaondoka. Madam alikuwa amenidokeza: mteja ni kijana, atakuja amenuna, atakwepa maswali. Chumba ni cha mwisho kwenye korido.

Mvua ikanikuta njiani, nikakatiza kupitia geti la nyuma. Sasa sikilizeni. Chumba cha mwisho kwa aliyeingia mbele ni cha kwanza kwa aliyeingia nyuma. Mimi nikaenda hadi mwisho. Mwisho wangu.

Nikakuta meza na viti viwili. Nikakaa. Dirishani nikaona vichwa vinachungulia. Nikajua hao ndio watahini. Mara mlango ukafunguliwa, akaingia kijana wa ovaroli, kanuna kama kanyimwa chai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu ukae. Hapa uko salama."

Akanitazama. "Nimekuja kwa ajili ya soketi."

(Nikajisemea: huyo, ameanza kukwepa!)

"Soketi," nikasema polepole. "Nasikia unasema kuna soketi."

"Ndiyo. Wamesema inapiga shoti."

"Inapiga shoti. Na wewe unajisikiaje soketi inapopiga shoti?"

Kijana akageuka kuangalia mlango. Nikainamisha kichwa kidogo, kama tulivyofundishwa. Vichwa dirishani vikaongezeka. Nikafurahi. Nikaona nimewakamata!

"Mama, nionyeshe tu ilipo niifungue."

"Unatamani kufungua jambo. Chukua muda wako."

Nikanyamaza. Kunyamaza ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote, Bi Ashura amenichapa sana kwa ajili ya kunyamaza. Nikamtazama tu, kwa upole. Yule kijana akasimama, bisibisi mkononi. Akasimama weee. Halafu akakaa. Akaweka bisibisi mezani.

"Mama," akasema, sauti imebadilika, "kwani nani amekwambia habari za mke wangu?"

(Aliyoniambia baada ya hapo siyaandiki. Siri ya mteja ni siri, hata kama mteja ni fundi umeme.)

Nilimsikiliza mpaka akafuta macho kwa mkono wa ovaroli. Sikumwamuru. Sikumshauri. Nikasema moyoni, leo hawanipati!

Mlango ukafunguka. Madam Rehema, jasho linamtoka.

"Mama Kulwa! Tunakutafuta chuo kizima! Watahini na mteja wako chumba cha upande ule!"

Nikamtazama Madam. Nikamtazama kijana.

"Kwani wewe ni nani?" nikamuuliza.

"Fundi, mama. Nilikwambia soketi."

Dirishani kikalipuka kicheko. Kumbe vile vichwa vyote ni mwaka wa kwanza!

Nilitaka kurudi nyumbani. Kweli nilishika mkoba. Bi Ashura akanizibia njia koridoni na wale wamama wawili nyuma yake.

"Unakwenda wapi?"

"Usinge."

"Usinge utakwenda na cheti. Ingia!"

Akanikaza kilemba, akanisukuma. Nikaingia. Mteja halali alikuwa kijana mmoja mpole, anaigiza hasira kwa shida. Baada ya yule wa kwanza, huyu alikuwa mteremko. Nikasikiliza, nikanyamaza panapotakiwa. Mtahini mzee, ambaye hakucheka hata mara moja, akaandika, akainua kichwa.

"Umefaulu, mama."

Wamama walipiga vigelegele mpaka mhasibu akatoka ofisini. Nikatoka uwanjani nimejikausha, natembea kama mtu aliyepanga yote haya. Ndipo ikasikika sauti ya yule fundi kutoka juu ya ngazi, mbele ya chuo kizima:

"Mama! Nimempigia! Kapokea!"

(Hilo katangaza mwenyewe.) Wanafunzi wote wakashangilia. Mimi nikatamani ardhi inimeze, lakini kwa heshima.

Haya, chekeni. Chekeni mmalize leo leo, maana siku mtakayoletwa ofisini kwangu mnalia, nitawarudishia maneno yenu yote.